Aya ndani ya tasnifu



Kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti ina mambo ambayo hayakuandikwa katika katiba ya msikiti. Kwa kuwa katibu ndiye achapaye mihtasari ya vikao, barua za kuomba michango na ratiba ya darsa za Ramadhani, waumini humhesabu kuwa ndiye mjuzi wa kompyuta wa mtaa mzima. Basi kila ifikapo miezi ya kukusanya tasnifu, baada ya swala ya Alasiri hunijia vijana wa vyuo, na safari nyingine wazazi wao, wakiwa na flashi mkononi na karatasi zilizojaa kalamu nyekundu. Wengi wao hawakurudishiwa kazi kwa sababu ya udhaifu wa hoja. Wamerudishiwa kwa sababu ya mpangilio: namba za kurasa zimevurugika, orodha ya yaliyomo haiafikiani na kurasa zenyewe, na, jambo lililonifanya niandike safu ya leo, aya za Qur'ani zimechapwa zikiwa zimeharibika.

(Waandishi wa Kiswahili huita aya hata kile kifungu cha maneno kinachoanza mstari mpya. Katika makala haya neno aya litabaki kwa Qur'ani peke yake, na kile kingine tutakiita kifungu, tusije tukachanganyikiwa.)

Mzee mmoja alitoka Kisarawe, akabadilisha daladala mpaka akafika kwetu Kibaha, amebeba bahasha ya kaki. Binti yake anasomea mambo ya fedha kwa mujibu wa sharia, na sura ya pili ya tasnifu yake imejengwa juu ya aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ile inayohusu kuandikiana deni. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Katika msahafu wa Madina wenye kurasa 604, imeujaza peke yake ukurasa wa 48. Kwenye karatasi aliyoitoa mzee, irabu zilikuwa zimehama kutoka katika herufi zake, na mahali pa alama za kusimama palikuwa na visanduku vitupu. Msimamizi wa binti aliizungushia duara aya nzima na kuandika pembeni kuwa irekebishwe kabla ya nakala kupigwa jalada. Mzee hakuniuliza lolote kuhusu alama za mtihani. Aliniuliza: "Ustadh, hii ni Qur'ani au si Qur'ani? Na kama si Qur'ani, mwanangu ameandika nini?"

Tulimpigia simu binti, naye akatutumia picha ya kioo cha kompyuta yake. Aya ilikuwa imekaa sawasawa, neno kwa neno, irabu kwa irabu. Nikamwonyesha mzee, akashusha pumzi. Kosa halikuwa katika kuandika; lilikuwa katika safari ya faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Jambo hili linahitaji kuelezwa vizuri, kwa kuwa wengi hudhani faili la Word hubeba sura ya maandishi kama picha inavyobeba sura ya mtu. Sivyo. Faili hubeba herufi na maagizo tu: andika herufi hii, kwa fonti fulani, kwa ukubwa fulani. Fonti zenyewe, yaani maumbo ya herufi, zimo ndani ya kompyuta. Ukilifungua faili lako steshenari kwenye mashine isiyokuwa na fonti ile, programu hutafuta fonti nyingine inayokaribiana nayo na kuendelea kimya kimya. Kwa Kiswahili madhara yake ni madogo, pengine mistari husogea tu. Kwa Kiarabu chenye irabu na alama za tajwidi, fonti ya badala huenda isizijue alama zile kabisa, na hapo ndipo visanduku vinapotokea.

Ipo hali mbaya zaidi ya hiyo. Baadhi ya programu za kubandika aya kwenye Word hutumia fonti za pekee ambamo kila ukurasa wa msahafu una fonti yake. Uzuri wake machoni ni mkubwa, kwani maandishi hufanana na msahafu wenyewe. Lakini ndani ya faili hamna maneno ya Kiarabu. Mna alama ambazo fonti ile peke yake ndiyo iwezayo kuzigeuza kuwa maneno. Fonti ikikosekana, kinachotokea karatasini si aya iliyoharibika, bali ni kitu kisichokuwa na maana yoyote. Mwanafunzi asiyejua jambo hili akikabidhi flashi dirishani na kwenda kuswali Adhuhuri, akirudi atakuta nakala tatu zimeshachapwa.

Dawa yake ni kulihifadhi faili kama PDF katika kompyuta ileile uliyoandikia, kwa kuwa PDF ikitengenezwa sawasawa hubeba fonti ndani yake. Kisha ifungue PDF hiyo kwenye simu yako, au bora zaidi simu ya mtu mwingine, utazame aya zote kabla ya kwenda kuchapa. Ukilazimika kupeleka faili la Word, kwa mfano msimamizi anataka kuandika maoni yake humo, basi katika mipangilio ya kuhifadhi faili kuna kisanduku cha kuamuru fonti zisafiri pamoja na faili. Kitie alama.

Kuhusu kuipata aya yenyewe, nasaha yangu kwa mwanafunzi ni kwamba usiichape kwa mkono, na usiinakili kutoka katika kitabu cha PDF. Kiarabu kikinakiliwa kutoka PDF mara nyingi hufika kimegeuzwa kinyume au herufi zimeachana. Uko mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007 kwa lengo la kutoa matini ya Qur'ani iliyohakikiwa kwa matumizi ya kompyuta, nao hutoa matini kwa rasmu ya Uthmani na kwa imlaa ya kawaida. Kwa tasnifu itakayopita katika mashine nyingi, imlaa ya kawaida yenye irabu ndiyo salama zaidi, kwa kuwa fonti nyingi za Kiarabu huimudu. Fonti ya Amiri inapatikana bure. Ilibuniwa na Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo, na mtu aliyesoma vitabu vya zamani vya madrasa ataiona kama jamaa yake.

Ukishaibandika aya, ipe kifungu chake peke yake, kisha bonyeza Ctrl pamoja na Shift ya upande wa kulia ili kifungu kianze kulia kwenda kushoto. Kompyuta itatii ikiwa Kiarabu kimewekwa miongoni mwa lugha zake. Bila ya hivyo namba ya aya na mabano hukimbilia upande usio wake. Kidirisha cha fonti kina sehemu mbili, moja ya herufi za Kilatini na nyingine ya Kiarabu na mfano wake, na kila moja ina ukubwa wake. Kiswahili kikiwa na ukubwa wa 12, Kiarabu chenye irabu husomeka vizuri kikiwa 16 au 18. Na nafasi kati ya mistari isiwe ile ya kipimo kisichobadilika, kwa maana hiyo hukata vichwa vya irabu kama ukuta uliokatwa dirisha vibaya.

Baada ya hayo yote bado hujamaliza, mpaka ulinganishe. Ibn as-Salah, aliyefundisha hadithi Damascus na kufariki mwaka 643 Hijria, yaani 1245 Miladia, katika kitabu chake kiitwacho Muqaddima aliziainisha elimu za hadithi katika mafungu 65, na fungu la 25 amelihusisha na uandishi: namna ya kuandika, kutia nukta na irabu, kusahihisha na kulinganisha nakala na asili yake. Kulinganisha huko wanavyuoni hukuita muqaabala. Humo imepokewa kuwa Urwa bin Zubayr alimuuliza mwanawe Hisham kama ameandika, akasema ndiyo. Akamuuliza kama amelinganisha, akasema hapana. Baba akamwambia kwamba basi hajaandika.

Nawaomba wazazi wanaosoma ukurasa huu wa familia waitazame tena habari hiyo, maana hapo palikuwa na baba na mwana. Mzazi asiyejua kuwasha kompyuta, lakini alihitimu chuo cha Qur'ani utotoni, anaweza kuifanya sehemu hii ya tasnifu kuliko msimamizi wa chuo kikuu. Mtoto asome karatasini, mzazi ashike msahafu. Yule mzee wa Kisarawe alifanya hivyo na binti yake kwa aya zote zilizomo katika tasnifu, na akagundua mahali pawili ambapo namba ya aya iliyotajwa haikuwa yake. Fonti haikuhusika hapo. Ni uchovu wa usiku tu. Kazi ilipokewa na kupigwa jalada.

Katika fungu hilohilo Ibn as-Salah anataja adabu nyingine ambayo kila ninapoikumbuka hustaajabu kwa jinsi inavyoafikiana na kompyuta. Anachukia mwandishi aandike "Abd" mwishoni mwa mstari, kisha jina la Allah likaanza mstari unaofuata. Vivyo hivyo "Rasuul" ikatengana na jina tukufu linaloikamilisha. Mwandishi wa kalamu aliona mstari unakaribia kwisha akajizuia. Kompyuta haina macho hayo. Hukata mstari popote penye nafasi. Lakini unaweza kuiagiza. Badala ya nafasi ya kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi kwa pamoja: itatokea nafasi isiyokatika, na maneno mawili yatashikana hata mstari ukihama. Kwa jina lenye kistari, kama Abdul-Rahman, tumia Ctrl, Shift na kistari. Mimi huitumia nafasi hiyo pia kati ya neno Sheikh na jina linalofuata, na kati ya "uk." na namba ya ukurasa.

Mwanachuoni huyo pia hakuridhia kufupisha kumswalia Mtume kwa herufi chache. Magazeti, na hili letu likiwemo, hufupisha kwa ajili ya nafasi. Mwenye tasnifu hana udhuru huo. Katika Word andika FDFA, kisha bonyeza Alt pamoja na X, nayo itageuka kuwa ﷺ, swala na salamu kamili katika umbo moja.

Sasa nigusie yale mengine ambayo si ya aya, kwani ndiyo yanayorudisha tasnifu nyingi zaidi. Mzizi wake karibu siku zote ni mmoja: mwandishi amepanga ukurasa kwa kitufe cha nafasi na kitufe cha Enter. Anataka sura mpya ianze ukurasa mpya, anabonyeza Enter mara kumi na tano. Anataka kichwa kikae katikati, anasukuma kwa nafasi. Kwenye kioo chake panapendeza. Kisha faili linafika kwenye kompyuta iliyowekwa karatasi ya aina nyingine na kila kitu kinateremka. Tazama ukubwa wa karatasi kabla ya kuandika neno la kwanza: kompyuta nyingi huja zimewekewa karatasi ya Marekani yenye milimita 216 kwa 279, ilhali sisi tunachapa kwenye A4 yenye milimita 210 kwa 297. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuhamisha mistari kila ukurasa, na ukifika ukurasa wa 60 orodha yako ya yaliyomo imekuwa ya kitabu kingine.

Bonyeza Ctrl, Shift na 8 uone siri zote za faili lako: kila nafasi itaonekana kama nukta na kila Enter kama alama yake. Ukiona msururu wa alama hizo, huo ndio ugonjwa. Ukurasa mpya huanzishwa kwa Ctrl na Enter mara moja tu. Pambizo la kushoto huwekwa kwenye mipangilio ya ukurasa. Vyuo vingi hutaka liwe pana kuliko mengine, mara nyingi sentimita 4, kwa ajili ya jalada. Anayeandika tasnifu nzima kwa Kiarabu akumbuke kuwa jalada lake liko kulia, na upana uhamie huko.

Vichwa vya sura viwekwe kwa mitindo ya vichwa iliyomo katika programu: weka kasa juu ya kichwa cha sura, bonyeza Ctrl, Alt na 1, kichwa kidogo, Ctrl, Alt na 2. Kuanzia hapo programu inajua kipi ni kichwa na kipi ni maelezo. Itakutengenezea orodha ya yaliyomo yenyewe, na kila ukibadilisha kitu unabonyeza F9 tu nayo inajisahihisha. Haitakubali pia kichwa kibaki peke yake chini ya ukurasa huku maelezo yake yamehamia ukurasa wa pili. Tanbihi nazo, Ctrl, Alt na F, usizihesabu kwa mkono.

Kurasa za mwanzo, yaani tamko, shukrani na ikisiri, huhesabiwa kwa namba za Kirumi, kisha sura ya kwanza huanza na 1. Hapa ndipo vijana wengi huachia flashi kwa fundi. Siri yake ni kuligawa faili katika sehemu mbili kwa mkato wa sehemu, si mkato wa ukurasa, kisha kuuondoa uhusiano kati ya sehemu ya pili na ya kwanza kabla ya kubadilisha namba. Usipouondoa uhusiano huo, ukibadilisha huku kunabadilika kule. Wazee wetu walipokosa namba za kurasa waliandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata ili karatasi zisichanganyike. Vitabu vya zamani vya madrasa bado vinayo maneno hayo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini asimlipe mtu. Kulipa kuchapiwa si haramu, na mafundi wa steshenari wa Maili Moja wana haki ya riziki yao. Lakini fundi asiyejua Kiarabu hawezi kuona kuwa irabu imehama. Na hesabu yenyewe si ndogo: tasnifu ya kurasa 90, nakala tatu, tukikadiria shilingi 200 kwa ukurasa, ni shilingi 54,000 kabla ya jalada, na kazi ikirudishwa ni shilingi 54,000 nyingine. Wale wanaolipa waandikiwe utafiti mzima wana hukumu yao. Sitaingia huko leo.

Wasiokuwa na uwezo wa kununua Word halali wanaweza kutumia LibreOffice, ambayo ni bure na hukimudu Kiarabu pia. Programu hiyo ina asili moja na OpenOffice, ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Uswidi. Nasikitika kuwa ni vijana wachache sana waliowahi hata kulisikia jina hilo, na leo tunahangaika na vitufe vya Kiingereza kuandika tasnifu za Kiswahili.

Limebaki la karatasi zilizoharibika. Steshenari hukusanya nakala mbovu, na nakala mbovu huuzwa kwa kilo. Zinakoishia kila mmoja wetu anajua, maana sote tumenunua vitumbua vilivyofungwa kwa karatasi ya mtihani wa mtu. Ukurasa wenye aya, hata ikiwa irabu zake zimehama, usiuache dukani. Mwambie fundi kwa upole mapema, kabla hajaanza kuchapa, kwamba karatasi zote mbovu utaondoka nazo, sijaona anayekataa. Sayyidna Uthman (r.a.) alipounganisha umma kwenye msahafu mmoja aliamuru maandishi mengine yachomwe, na kwa hilo wanavyuoni wengi huruhusu kuchoma kwa heshima, na wengine hupendelea kuzika mahali pasipokanyagwa. Msikitini kwetu lipo sanduku la mbao karibu na kabati la misahafu. Likijaa, kamati huchoma yaliyomo na kuyazika majivu nyuma ya kisima.

Kwa wanaojiandaa kukusanya kazi msimu huu: Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa barazani kwa ajili ya muqaabala, wanaume upande mmoja na akinamama upande wao pamoja na ustadha wao. Njoo na faili la Word na la PDF, yote mawili, na aya zako ziwe zimechapwa kwenye karatasi moja au mbili. Misahafu ipo. Wa Kisarawe wasioweza kufika watume PDF kwa simu ya msikiti kabla ya Ijumaa, nasi tutailinganisha na kurudisha majibu siku hiyohiyo ya Jumamosi, inshaallah.